Matabaka Yasiyoonekana: Utafiti wa Nishati Chini ya Sakafu ya Bahari

Afikaye Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, huwakuta wachimbaji mashimoni wakitafuta jiwe la sabuni, lile jiwe laini lichongwalo vinyago na sahani. Hulitambua kwa jicho na kwa ncha ya sururu. Ni sadfa tu kwamba jina la mji huo ni neno litumiwalo katika Kiswahili kutajia miamba iliyolaliana. Hata hivyo, sadfa hiyo yatufaa, kwani makala haya yanahusu matabaka ambayo jicho wala sururu haviyafikii: yale yaliyo chini ya sakafu ya Bahari ya Hindi.

Yafaa kwanza kuondoa dhana potovu. Gesi asilia haikai katika pango tupu. Hukaa ndani ya vinyweleo vya mwamba, mfano wa maji katika sifongo, nayo huzuiwa isipande na mwamba mwingine usiopenyeka ulioufunika ule wa kwanza. Watafiti hupeleka mawimbi ya sauti kutoka melini, wakapokea mwangwi wa kila tabaka na kuchora umbo la miamba. Mchoro huo hubaki ubashiri hadi kisima kichimbwe. Katika bahari ya Kenya, kisima cha Mbawa-1 kilikuta gesi isiyotosha biashara mwaka 2012. Mwaka 2014 Sunbird-1 kikapenya mwamba wa matumbawe ya kale na kukuta mafuta na gesi, lakini uzalishaji haukufuata. Mlima-1, kilichoanza kuchimbwa mwishoni mwa 2021, nacho hakikupata hazina ya kibiashara.

Tanzania ilibahatika zaidi, ingawa kwa subira. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ni mwaka 2004 tu ilipoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba, ikazalisha umeme na kuchoma saruji. Msomaji asiichanganye na gesi ya mtungi inunuliwayo Keroka. Ya mtungi aghalabu ni propeni na buteni, ambazo hugeuzwa kimiminika kwa urahisi. Ya Songo Songo ni metheni kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo, hata Mbawa-1 kingefaulu, bei ya mtungi wa Keroka isingeshuka kwa sababu hiyo pekee.

Je, uendelevu uko wapi, maadamu gesi ikitoka hairudi? Jibu moja ni kwamba vinyweleo vyenyewe ni mali. Katika eneo la Sleipner, Norway, hewa ukaa itenganishwayo na gesi asilia imekuwa ikisukumwa katika mwamba wa mchanga chini ya bahari tangu 1996, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kila mwaka. Lakini mwamba uliojazwa hewa ukaa si rahisi kuutumia kwa jambo jingine, na kisima cha zamani kisichozibwa barabara chaweza kuvuja. Shimo lililoachwa wazi Tabaka hujaa maji ya mvua, na kila mpita njia huliona. La baharini nani atalichungulia?

Swali hilo halimhusu mkaazi wa pwani peke yake. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti yenye rasilimali asilimia 20 ya mgao wa serikali, jamii ya mahali hapo asilimia 5, na serikali kuu asilimia 75. Kisii na Nyamira, ambako viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni za mikaratusi, zimo katika hiyo 75; faida ni yao, na hasara vilevile.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili pana jambo la ziada. Ripoti za utafiti huu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri yake ina mitego. Tukisema “hifadhi ya kaboni baharini”, mvuvi wa Lamu aliyezoea hifadhi za bahari atadhani bahari inalindwa, ilhali kinachozungumziwa ni taka kutiwa chini yake. Naona “kuzika hewa ukaa” ni kauli ya kweli zaidi, japo haipendezi masikioni mwa wawekezaji.