Mzizi Hujuaje Chini ni Wapi?

Punje za mahindi hufukiwa bila kupangwa: nyingine ubavu, nyingine kichwa chini. Hata hivyo mzizi wa kila punje hushuka. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu zinazoota kwenye gurudumu lililozungushwa kwa kasi na maji. Mizizi ilielekea nje ya gurudumu, machipukizi yakaelekea katikati. Hapo ikabainika kwamba mzizi hufuata mvuto, hata ule uliotengenezwa na binadamu.

Mvuto huo hutambuliwa nchani kabisa, ndani ya kofia inayoukinga mzizi unapopenya udongo. Seli za katikati ya kofia zina chembe za wanga zilizo nzito kuliko ute unaozizunguka. Mzizi ukilazwa, chembe hizo huteremka kama changarawe ndani ya chupa ya maji, zikatua upande ambao sasa ndio wa chini. Protini za jamii ya LAZY zilizokaa juu ya chembe hizo huhamia kwenye utando wa seli upande huohuo, na homoni ya oksini huanza kupelekwa huko kwa wingi.

Oksini inasifika kwa kurefusha shina. Mzizini, ikizidi, huzuia seli kurefuka. Kwa hiyo upande wa chini hudumaa, wa juu unaendelea kurefuka, na mzizi unapinda kwenda chini. Ajabu ni kwamba haupindi pale unapohisi, bali nyuma kidogo ya ncha. Charles Darwin na mwanawe Francis waliliandika hili mwaka 1880: mzizi uliokatwa ncha huendelea kukua, lakini haupindi.

Si mizizi yote inayoshuka wima. Ya pembeni hukua kwa mshazari, na mikoko aina ya mchu huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope.

Mshazari huo una thamani shambani. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza jeni ya DRO1, ya jamii hiyohiyo ya LAZY. Waliitoa kwenye mpunga wa Kinandang Patong, wakaiingiza katika IR64, mpunga wenye mizizi ya juujuu. Mizizi ilizama zaidi, na wakati wa ukame mavuno yakawa bora. Penye uhaba wa fosforasi hali ni tofauti, kwa sababu fosforasi nyingi hukaa tabaka la juu. Wazalishaji wa mbegu za mashamba yanayotegemea mvua, pimeni pia pembe ya mizizi, kila udongo kwa hali yake.