Nani alivumbua mukuba wa Katanga?

Tulikuwa katika mafunzo ya madelege wa sindika, hapa Lubumbashi. Tuliuliza swali moja la kuamsha watu tu, kwa sababu jua lilikuwa kali na wengine walianza kusinzia: nani alivumbua shaba ya Katanga? Mikono ikapanda haraka. «Jules Cornet, 1892!» Jibu moja, sauti moja, kama watoto mbele ya mwalimu. Na sisi tulioandaa somo tulikuwa tayari kufungua ukurasa wa pili. Njo mzee mmoja wa pansheni, aliyemaliza miaka yake kwenye matanuru, akacheka chini chini akasema: «Basi ile mashimo Cornet alikuta pale, ilichimbwa na panya?»

Ukurasa wa pili haukufunguliwa ile siku. Tulirudi nyumbani na swali la mzee, na tangu hapo tumelifuata kwa muda wetu wa jioni, katika vitabu na kwa wazee, kama vile tunavyofuata hesabu za mshahara zisizolingana.

Tumpe Cornet haki yake kwanza. Alikuwa mjiolojia Mbelgiji, kijana bado, aliyekuja na msafara wa Bia na Francqui. Alitembea kwa miguu, aliona njaa na homa, alipima tabaka za mawe, akaandika namna vilima vya shaba vinavyofuatana. Ile kazi ni kazi ya kweli. Na yeye mwenyewe hakuficha mashimo: aliandika kwamba wenyeji walikuwa wamechimba pale kabla yake. Kumbe mashimo hayakupotea kwenye daftari lake. Yalipotea baadaye, njiani, kati ya daftari na kitabu cha shule. Mtu anafupisha, mwingine anafupisha ufupisho, kiisha linabaki jina moja na mwaka mmoja. Mtoto anakariri, anakuwa baba, anamkaririsha mtoto wake.

Hata kwa kuandika, Cornet hakuwa wa kwanza. Wapombeiro wawili, Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara Waafrika waliotumwa na Wareno, walitoka Angola wakapita katika nchi ya shaba na kwa Kazembe, wakafika Tete katika Msumbiji mwaka wa 1811. Baptista aliandika safari yake. David Livingstone naye, katika safari zake za mwisho kabla ya kufa mwaka wa 1873, aliandika habari za shaba ya Katanga na watu wanaoiyeyusha. Na wafanyabiashara wa pwani hawakungoja kitabu cha mtu: mukuba ulikuwa unakwenda mashariki na magharibi kwa mabega ya wapagazi. Msiri mwenyewe, mfalme wa Bunkeya, alitoka kwa Wanyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na biashara ya shaba ilikuwa moja ya njia zilizomjengea ufalme. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Cornet alitembelea machimbo mwaka uliofuata. Yaani mtu anasema «nimevumbua» wakati mwenye biashara ya ile shaba ameuawa juzi juzi tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapo njo roho yetu inafurahi. Wayeyushaji wa zamani waliitwa walaji wa mukuba. Msimu wao ulikuwa kiangazi, mavuno yakiisha, wakati maji yamekauka katika mashimo na mtama uko ghalani. Walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, kwa majembe ya chuma. Wanawake na watoto waliokota na kuchagua mawe mazuri. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa unavumilia moto. Makala kwa tabaka, mawe kwa tabaka, na mivuba ya ngozi inapuliza bila kupumzika. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1085. Hawakuwa na kipima joto. Walikuwa na rangi ya moto, sauti ya mivuba, na macho ya fundi mkuu. Kiisha shaba iliyeyushwa mara ya pili, ikamwagwa katika kalibu ya udongo, ikatoka msalaba, ile krwazeti tunayoiona mpaka leo.

Mmoja wa walioandika mambo haya vizuri ni askofu Jean-Félix de Hemptinne, katika kitabu chake cha 1926 juu ya walaji wa mukuba. Huyu askofu, kwa mambo ya wafanyakazi, hakuwa rafiki yetu hata kidogo. Lakini alikaa na wazee akauliza, akaandika alichokiona. Tunamsoma kwa macho mawili: jicho moja linachukua maarifa, jicho lingine linalinda mlango. Kwa mfano, mafundi walikuwa na dawa zao na miiko yao mbele ya tanuru. Wazungu wengi wa wakati ule waliona dawa, wakasema: haya ni uchawi, si sayansi. Waliandika dawa kurasa tatu na udongo wa kichuguu mistari miwili. Lakini tanuru haliulizi mtu anaamini nini. Makala yakiwa machache au upepo ukiwa dhaifu, shaba haitoki, hata uombe kwa Kilatini.

Ardhi nayo ilitoa ushahidi wake. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi miaka ya 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka wa 1974. Wafu wamelala na vyungu, na vitu vya chuma, na vitu vya shaba. Katika makaburi ya karne zilizofuata misalaba inaonekana, mikubwa kwanza, kiisha inakuwa midogo, mingi, na inayofanana. Kitu kikifanana hivyo, kikihesabika, kinaelekea kuwa feza. Watu wa Upemba hawakuwa na machimbo ya shaba karibu. Ilifika kwao kwa biashara, mamia ya miaka kabla ya mjukuu wa babu yake Cornet kuzaliwa.

Na kuna shahidi mwingine ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwa wa chama fulani. Ni ua. Vilima vya shaba havina miti, kwa sababu shaba nyingi katika udongo inaua mizizi. Lakini mimea michache inavumilia. Moja, wataalamu wanaiita Haumaniastrum katangense, watu wanaiita ua la shaba. Linaota hata mbali na machimbo, mahali ambapo hakuna kilima chochote. Kwa nini? François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi hapa Lubumbashi, na wenzake walionyesha kwamba pale chini kuna mabaki ya matanuru ya zamani: takataka za shaba zilitia sumu udongo, na ua likafuata. Babu aliyeyusha, akaondoka, akasahauliwa. Mmea ukaendelea kuonyesha mahali alipokaa.

Tulipoleta haya yote kwa madelege, vijana walifurahi sana. Walifurahi kupita kiasi, na hapo tukaona shida nyingine. Mmoja alisimama akasema babu zetu walijua kila kitu, wazungu waliiba tu. Makofi yakapigwa. Sisi hatukupiga. Babu zetu walichimba paka juu juu, malakiti tu. Mawe ya chini, yenye salfa, hawakuyagusa. Biashara ya Msiri haikubeba shaba peke yake, ilibeba pembe na ilibeba watu waliofungwa kamba. Na sisi wenyewe, tulipoanza kuisimulia hii historia, tulisema «mafundi, mafundi» wiki mzima, mpaka mama mmoja, delege wa wasafishaji, akauliza: wale wanawake waliochagua mawe, jina lao la kazi ni nani? Hatukuwa na jibu. Cornet alifutia babu zetu mashimo, ama wafupishaji wake. Na sisi tukafuta akina mama bila hata kalamu.

Mtu anaweza kusema: hizi ni habari za makumbusho, sindika inatafuta nini humo? Tueleze kwa jambo la kwetu. Kwenye kazi moja hapa Katanga, ambayo hatutaitaja, watu wa konkaseri wanakohoa. Tuliomba vumbi lipimwe. Vipimo vikaletwa, karatasi nzuri, mihuri, na namba iko chini ya mpaka unaoruhusiwa. Wenzetu wawili walisema mara moja: wametudanganya. Wengine wakasema: karatasi ni karatasi, labda ni sigara. Kama si mzee na panya wake, tungegawanyika hapo hapo. Badala yake tuliuliza vitu vitatu: mashine iliwekwa wapi, siku gani, na mwenye kuiweka alikuwa anatafuta nini? Ilikuwa imewekwa karibu na ofisi, upande upepo unakotoka. Ilikuwa Jumapili. Konkaseri ilikuwa imesimama kwa matengenezo.

Mashine haikusema uongo. Ilipima vizuri kabisa hewa ya Jumapili.

Sisi nasi hatukuwa safi. Katika orodha yetu ya watu wanaokohoa tulikuwa tumeandika paka wale waliokuja kulalamika, na hatukumhesabu hata mmoja asiyekohoa. Daktari aliyetuonyesha hilo hakuwa adui. Tulikasirika siku mbili, kiisha tukaanza orodha upya, nyumba kwa nyumba, na wavutaji sigara wako kwenye safu yao.

Barua imekwenda. Tumeomba mashine iwekwe mdomoni mwa konkaseri, siku ya kazi, zamu ya usiku pia, na delege mmoja asimame pembeni na saa yake. Mzee wa pansheni ndiye alitusaidia kuiandika. Tunangoja jibu.