Mazungumzo Yenye Matawi: Kupanga Maongezi ya Kompyuta kwa Mstari wa Amri

Mazungumzo ya watu wawili hayarudi nyuma. Neno likishatamkwa, msemaji aweza kulifafanua au hata kulikana, lakini hawezi kulifanya lisiwe limesemwa. Mazungumzo baina ya mtu na modeli ya lugha yana tabia nyingine: msemaji aweza kurudi kwenye swali lake la tatu, akaliandika upya, na hapo yakazaliwa mazungumzo mapya ilhali yale ya kwanza yangalipo. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, maandishi ya namna hii yameingia katika kazi za wanafunzi na watafiti wengi wa lugha. Makala haya yanakusudia kueleza umbo la maandishi hayo, na jinsi programu ndogo za mstari wa amri zinavyoweza kuyapanga.

Mtumiaji wa ChatGPT akiomba nakala ya maongezi yake, hupelekewa maandishi ya muundo wa JSON. Humo kila ujumbe una kitambulisho chake, kitambulisho cha ujumbe uliouzaa, na orodha ya jumbe zilizozaliwa nao. Mwanafunzi wa sintaksia hatakuwa mgeni hapa, kwani huu ni mchoro wa matawi, wenye mzizi, vifundo na majani. Tofauti ni moja. Katika mchoro wa sentensi majani husomwa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Katika mti wa mazungumzo kila jani husomwa peke yake, kwa kupanda kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi mpaka mzizini, kisha kuigeuza safari hiyo. Majani mawili ya mti mmoja ni mazungumzo mawili.

Faida ya matawi haieleweki bila ya kujua kwamba modeli yenyewe haikumbuki kilichosemwa dakika iliyopita. Kila swali jipya linapoulizwa, programu huipelekea upya njia nzima, tangu mzizi hadi swali hilo. Kwa hiyo kosa lililoingia mapema husomwa tena na tena, na majibu yanayofuata hujengwa juu yake. Mathalani mtafiti wa Kimvita aandike sentensi "Mwanangu, ndoo" na kuomba ichanganuliwe. Modeli ikiifuata lugha sanifu italichukua neno "ndoo" kuwa ni chombo cha kutekea maji, italipa ngeli, na pengine itadai kuwa sentensi imekosa kitenzi. Mtafiti ajuaye kwamba "ndoo" ya Mombasa ndiyo "njoo" ya Unguja, kama vile "ndia" ilivyo "njia", aweza kusahihisha katika ujumbe unaofuata. Lakini maelezo ya chombo yatabaki katika njia, na baada ya jumbe kumi yaweza kuchomoza tena. Lililo bora ni kurudi kwenye kifundo kilicho kabla ya kosa na kuchipusha tawi jipya kutoka hapo, lahaja ikiwa imetajwa tangu mwanzo.

Hapa neno linalovutia kuundwa ni "kutawisha". Afadhali liachwe. Mwenye Kiswahili cha pwani akilisikia atafahamu kumweka mtu ndani asionekane na watu, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kuchipusha.

Mstari wa amri ni ile njia ya kuiagiza kompyuta kwa maneno yaliyoandikwa badala ya kubofya picha. Fadhila yake kubwa ni kwamba zao la programu moja laweza kuwa malisho ya nyingine, desturi iliyoimarika katika mfumo wa Unix tangu 1973. Mwaka 2023 Simon Willison alitoa programu iitwayo llm, ambayo huandika maswali na majibu katika hifadhidata ya SQLite iliyomo kwenye mashine ya mtumiaji mwenyewe. Amri ya "llm logs" huyaonyesha, na alama ya "-c" huendeleza mazungumzo ya mwisho. Ama fikra ya tawi, mfano wake mzuri ni Git, iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza matoleo ya programu. Katika Git tawi si nakala ya kazi nzima. Ni jina tu, linaloelekeza kwenye kifundo kimoja chenye kitambulisho ambacho kwa kawaida kina tarakimu na herufi 40. Ndiyo maana kuchipusha tawi hakugharimu kitu, na jumbe za shina huhifadhiwa mara moja tu hata matawi yakiwa mia.

Programu ya mazungumzo iliyofuata mwendo huo yahitaji amri chache tu: kuorodhesha, kuonyesha njia moja, kuchipusha, kulipa tawi jina, na kulinganisha majani mawili. La majina si dogo. Tawi liitwalo "kimvita-lahaja-imetajwa" litafahamika baada ya mwaka. "Jaribio2" halitafahamika hata wiki ijayo.

Jambo zito zaidi ni ushahidi. Mtafiti anayeambatisha mazungumzo na tasnifu yake kwa kawaida huchapisha njia moja, ile aliyoiona kwenye kioo. Ikiwa swali liliulizwa mara nne mpaka modeli ikakubali alilolitaka, matawi matatu yaliyokataa hayaonekani, na msomaji atadhani jibu lilitoka mara moja. Wahariri wa tenzi wamelijua tatizo hili zamani: Al-Inkishafi imetufikia kwa miswada inayotofautiana, na mhariri anayechapa mmoja bila ya kuitaja mingine humnyima msomaji haki ya kuhukumu. Mti mzima ukihifadhiwa, idadi ya majaribio huhesabika.

Kuna kikomo kimoja. Katika Git matawi mawili huweza kuunganishwa tena, kifundo kimoja kikawa na wazazi wawili. Mazungumzo hayakubali jambo hilo kwa urahisi, kwa kuwa modeli hupokea mfuatano mmoja tu. Anayetaka kuyatumia matokeo ya matawi mawili hana budi kuyafupisha mwenyewe na kuyaandika kama ujumbe mpya, na ujumbe huo ni maneno yake yeye, si ya modeli. Kwa hiyo katika kumbukumbu yafaa utiwe alama ya kuonyesha hivyo.