Safari ya Wawili: Mgonjwa Ndiye wa Mwisho Kujua

Likizo ya Desemba inapokaribia, wako mabwana na mabibi ambao huamua kuachana na mahoteli. Hufunga trela la kulala nyuma ya gari, lile ambalo wengi huliita karavani, wakashika njia ya Mombasa, Malindi hadi Garsen. Kutoka hapo wengine hupinda kuelekea Witu na Lamu, na wengine hufuata Mto Tana hadi Hola na Garissa. Ni safari nzuri, na mwenye nafasi sitamkataza.

Wanaokuja kutaka ushauri wa daktari kabla ya safari hii huuliza kwanza habari za mamba. Ni kweli kwamba Mto Tana una mamba na viboko, na si busara kuteka maji ukingoni wala kuegesha trela karibu na mto. Hata hivyo, msafiri anayelala mbali na mto ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa mambo manne ya kawaida: usingizi, joto, malaria na moshi wa makaa.

Mambo haya manne yana tabia moja. Yote huweza kuvuruga akili kabla hayajauangusha mwili. Ubongo ambao ungekuambia kwamba hali yako si nzuri ndio unaotangulia kudhurika. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Kwa hivyo, msomaji, daktari wako wa kwanza katika safari hii ni huyo aliyeketi kando yako.

USINGIZI KWENYE USUKANI

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama 120 nyingine. Ukipita Malindi, zipo zaidi ya kilomita 100 kabla ya kufika Garsen, nyingi zikiwa za barabara iliyonyooka kwenye nchi tambarare. Barabara ya namna hiyo humbembeleza dereva kama mtoto mchanga.

Mwenye usingizi hajui dakika anayolala. Macho yanaweza kubaki wazi huku ubongo umezima kwa sekunde tatu au nne. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, kwa hivyo katika sekunde nne litakuwa limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Ukiwa na trela zito nyuma, kulisimamisha nako huchukua nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa mikono na macho sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu.

Mtazame dereva wako. Je, anapiga miayo mfululizo? Anasahau kijiji mlichopita sasa hivi? Anapanda ukingo wa lami kisha anarudi kwa ghafla? Basi asimame. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa yake ni kulala, hata kama ni dakika 20 kando ya barabara mahali salama. Pumzikeni kila baada ya saa mbili, na msiendeshe usiku. Chungeni pia dawa za mafua na mizio kama Piriton, kwani nyingi huleta usingizi.

Hapa nawageukia mabwana. Aghalabu mume huona haya kumpa mkewe usukani wakati gari linavuta trela. Mfundishe nyumbani kabla ya kuondoka. Haya hiyo ni ndogo ukiilinganisha na mtaro.

JOTO LA KASKAZI

Kuanzia Desemba hadi Machi pepo za kaskazi huleta joto kali katika eneo hili. Huko Hola na Garissa joto hufika nyuzi 35 za Selsiasi na kupita. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka juu ya ngozi. Karibu na bahari hewa ina unyevu, jasho hudondoka bila kukauka, na mtu hapoi. Ndani bara hewa ni kavu, jasho hukauka mara moja, na mtu hajui amepoteza maji kiasi gani.

Saa ya hatari ni ile ya kuharibikiwa. Trela limepata pancha, ni saa nane mchana, na bwana amepiga magoti kwenye lami ya moto akihangaika na jeki. Kwanza huja jasho jingi, kiu, kichwa kuuma, misuli kukaza na kichefuchefu. Huo ni uchovu wa joto. Mtu akipewa kivuli, maji na mapumziko hapo hapo, kwa kawaida hupona.

Akiendelea, joto la mwili laweza kupita nyuzi 40, na hicho ni kiharusi cha joto, ambacho huua. Dalili yake kubwa ni akili kuyumba. Huanza kujibu ovyo, kuwa mkali bila sababu, au kupepesuka kama mlevi, naye akiulizwa husema, "Niache, nimalize kazi." Usimwache. Muulize maswali matatu: "Baba Juma, tumetoka wapi? Tunaelekea wapi? Leo ni siku gani?" Akikosea hata moja, kazi imekwisha.

Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma. Usimpe kitu kinywani iwapo hana akili timamu, maana chaweza kumpalia. Dawa za kuteremsha homa kama paracetamol hazisaidii hapa. Mpoze kwanza, kisha mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpoza. Fahamuni mapema zilipo hospitali za njiani: Malindi, Ngao karibu na Garsen, na Hola.

Bebeni maji ya kunywa lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili zaidi. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara za Tana River na kuwakwamisha wasafiri, kwa hivyo akiba hiyo si mzigo wa bure. Aliyetoka jasho jingi apewe maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wanaotumia dawa za kukojosha kwa ajili ya shinikizo la damu wamwone daktari wao kabla ya kuondoka. Mwenye kisukari ahifadhi insulini yake mahali pa baridi, mathalan ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, wala asiiache garini.

Tena, mtu yeyote asisafiri akiwa amelala ndani ya trela wakati linavutwa. Huko nyuma hakuna jicho la kumwona akizidiwa.

HOMA BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Aliyekulia Nyeri au Nairobi hana kinga ya malaria aliyo nayo mtu mzima aliyezaliwa na kukaa Garsen. Mbu wa malaria huuma usiku. Laleni ndani ya neti yenye dawa hata kama madirisha ya trela yana wavu, kwani mlango hufunguliwa mara nyingi. Muulizeni daktari kuhusu vidonge vya kinga, na mvimalize hata mkisharudi. Msitegemee klorokwini ya zamani. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea.

Malaria haianzi siku ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi, na mara nyingine wiki kadhaa. Kwa hivyo itakukuta umerudi kazini, umesahau safari, na utasema ni mafua. Katika malaria kali ubongo hudhurika, na mgonjwa huanza kuweweseka au kusinzia ovyo. Mwenzako akipata homa katika miezi mitatu baada ya kurudi, usingoje akubali kwamba anaumwa. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na mwambie daktari, "Tulikuwa Tana River." Maneno hayo matatu yatamfanya afikirie malaria, na magonjwa mengine pia kama Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilizuka nchini mwaka 1997 na tena 2006 baada ya mvua kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo, msinywe maziwa yasiyochemshwa.

HATARI ISIYO NA SHAHIDI

Nimeiacha ya nne hadi mwisho kwa kuwa hiyo huwashika nyote wawili kwa pamoja. Mvua imeanza, mbu ni wengi, na jiko la makaa linaingizwa ndani ya trela, mlango ukafungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huja, na anayelala huenda asiamke. Jenereta iliyowekwa karibu na dirisha huleta balaa lile lile.

Hapa mwenzako hawezi kukuokoa, kwani akili yake inazimika pamoja na yako. Kinga ni sheria isiyo na ruhusa hata usiku mmoja: moto wa makaa haulali ndani. Na mkiona kichwa kinawauma nyote wawili kwa wakati mmoja mkiwa ndani ya trela, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kabla hamjawasha gari, wekeni mapatano. Mmoja akisema "simama", gari linasimama. Akisema "pumzika", mwingine anapumzika. Akisema "twende hospitali", wanakwenda. Ubishi uahirishwe hadi siku ya pili. Mtu akiwa mzima, kusimama nusu saa kutamchelewesha tu. Akiwa mgonjwa, nusu saa hiyo ndiyo itakayomrudisha nyumbani.