Umri wa Chungu Umo Kwenye Uzito Wake

Chungu kilichotoka motoni asubuhi huko Matayos, Busia, huwa kimeshaanza kuongezeka uzito kabla jua halijatua. Unyevu wa hewani hupenya ndani ya udongo uliochomwa na kushikamana na madini yake. Ukianike juani utakavyo, maji hayo hayatoki. Huyafukuza moto wa nyuzi 500 za Selsiasi hivi, kisha chungu kikipoa kinaanza upya kuyakusanya, miaka nenda miaka rudi.

Wajenzi waliijua tabia hii kwa hasara, maana tofali jipya hutanuka ukutani na kuleta nyufa. Mwaka 2003 mtafiti Moira Wilson na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba mwendo wake una kanuni. Tuseme kigae kimeongeza gramu moja mwaka wa kwanza. Gramu ya pili haitimii mpaka mwaka wa 16, ya tatu mwaka wa 81, ya sita mwaka wa 1,296. Mwaka 2009 wakaigeuza kanuni hiyo kuwa saa. Kigae hukaushwa kwa nyuzi 105 na kupimwa, huchomwa kwa nyuzi 500 na kupimwa tena, kisha huachwa kwenye joto linalolingana na la mahali kilikoishi, na kasi yake ya kurudisha uzito hurekodiwa. Mizani ya barabarani pale Busia hupima malori kwa tani. Mizani ya kupimia kigae hutambua sehemu moja kati ya milioni kumi ya gramu.

Kwetu magharibi mwa Kenya saa ya namna hiyo ingefaa sana. Kusini tu mwa Busia, kule Siaya, ndiko Urewe, mahali palipovipa jina vyungu vya wahunzi wa kale wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mary Leakey, Shemasi Mkuu Owen na Louis Leakey walivieleza mwaka 1948. Vingi vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikididimiza kidole udongo ukiwa mbichi. Umri wake umejulikana hasa kwa kupima kaboni 14 ya makaa yaliyofukiwa karibu navyo. Lakini makaa ni makaa: mti ungeweza kufa zamani kabla ya chungu kufinyangwa.

Hata hivyo, mimi nisingeikabidhi saa hii vigae vyetu leo. Kosa la asilimia 5 kwenye uzito huzaa kosa la zaidi ya asilimia 20 kwenye umri. Tena joto huharakisha kazi yote. Fikiria chungu cha ajono huko Malaba, wazee wa Kiteso wamekizunguka na mirija yao mirefu, maji ya moto yakiongezwa kila pombe inapopungua. Maji hayo hayawezi kuirudisha saa kwenye sifuri, bali huikimbiza, na chungu hujizeesha. Kilichoungua pamoja na nyumba hufanya kinyume, kinajifanya kijana. Ndivyo lilivyofanya tofali moja la Canterbury, Uingereza: lilitengenezwa zama za kati, lakini vipimo vikasisitiza kuwa lina miaka 66. Sehemu ya mji huo ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na moto ule ulilifutia tofali kumbukumbu zake.

Kuna pia vyungu visivyoiva. Vikichomwa kwa majani na kuni uwanjani, moto haufiki sawa kila upande, na masalia ya majani ndani ya udongo huungua maabarani na kuvuruga uzito. Watafiti kadhaa waliorudia majaribio kwingineko wamekutana na matatizo ya aina hii.

Pa kuanzia ni matofali. Kanisa au shule kongwe yenye mwaka wa ujenzi ulioandikwa ukutani hutoa jibu kabla ya swali, mradi fundi achague tofali lililokaa katikati ya tanuru. Yale ya pembeni, kama ajuavyo kila aliyechoma tanuru, mara nyingi hutoka mabichi, na saa yao haikuwahi kuanza.