Fundi Asiyetoka Nyumbani

Ashonaye kofia za viua nyumbani hana mwajiri wa kumwambia basi. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, naye hushika sindano tangu alfajiri mpaka macho yaume, asizungumze na mtu ila mteja kwa simu.

Jirani yetu mmoja alifikia hapo. Tulidhani amesafiri, kumbe yumo ndani, amechoka hata kuitikia salamu. Mimi katibu niliona jina lake halimo katika michango, nikadhani ni uzito wa mfuko tu. Sikubisha hodi.

Siku hizi adhana ya Alasiri ndiyo mwisho wa kazi yake. Hutia sindano mkebeni, huja msikitini, kisha huketi nasi barazani hadi Magharibi. Mteja mmoja amemhama kwa kucheleweshewa. Hakumfuata.