Dakika 20 za Unguja

Tunaambiwa ndege ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni dakika 20 tu. Ni kweli, kwani baina ya viwanja hivyo pana kama kilomita 73. Lakini mimi huanza kuhesabu nikifunga mlango wangu Kariakoo. Foleni ya Barabara ya Nyerere yaweza kula saa nzima. Kuripoti uwanjani, saa nyingine. Kisha mizigo na teksi hadi Mji Mkongwe. Karibu saa tatu! Boti iendayo kasi, pamoja na kungoja bandarini, haipitwi sana. Akaaye Ukonga, jirani na uwanja, ana hesabu nyingine. Basi, kabla ya kulipa nauli, tupime safari nzima.